Safari ya Kugonga Muhuri Namanga

Ipo safari moja fupi ambayo wageni wengi wanaokaa hapa Arusha wanaijua kuliko wanavyoijua ya Ngorongoro. Ni ya kilomita 110 hivi kwenda, na kilomita hizo hizo kurudi. Mgeni huondoka asubuhi kwa gari lake, la rafiki au la kukodi. Hupita Sakina, Ngaramtoni, Oldonyo Sambu na Longido, akafika Namanga, akatoka Tanzania, akaingia Kenya, kisha akageuka. Jioni hiyo hiyo, au kesho yake, yumo tena Arusha anakunywa chai. Hakununua kitu, hakumtembelea mtu. Kilichobadilika ni ukurasa mmoja tu wa pasipoti yake.

Sababu yake ni hesabu. Anayeingia nchini kwa viza ya matembezi hupewa siku zisizozidi 90. Wageni wengi hulipa dola 50 kwa viza ya kuingia mara moja. Raia wa Marekani hulipa dola 100 na viza yao hudumu mwaka mzima, waingie na kutoka wapendavyo, lakini hata wao hawaruhusiwi kukaa zaidi ya miezi mitatu mfululizo. Basi siku ya 90 inapokaribia, mwenye nyumba ya kupanga, mbwa na bustani ya mchicha huku Arusha hukumbuka ghafla kwamba kwa mujibu wa karatasi yeye ni mtalii, na mtalii hana budi kuondoka. Huondoka, na saa chache baadaye anarudi akiwa mtalii mpya. Mtaani kwetu Daraja Mbili jambo hili tunaliita kwenda kugonga muhuri, na hakuna anayelistaajabia.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasiostaajabu, hadi nilipoanza kusoma habari za mpaka wenyewe. Hapo nikaona kwamba mtalii na gari lake si wageni katika historia ya Namanga. Nathubutu kusema kuwa mpaka ule, ambao majeshi yameupigania na wenye magendo wameuzunguka usiku na mchana, mtu aliyeutikisa kuliko wote ni mtalii.

Tuanze mbali kidogo. Mstari unaopita Namanga ulikubaliwa Ulaya mwezi Novemba 1886, baina ya Waingereza na Wajerumani. Ulianzia mdomo wa mto Umba pwani, ukaja Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Ukiitazama ramani utaona umechorwa kwa rula, isipokuwa pale mlimani ambapo rula iliteleza. Wengi wetu tulisimuliwa shuleni kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu, lakini haisimami. Mkataba ni wa mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili hakuwa Kaiser mpaka 1888. Jambo lenye ukweli zaidi ni kwamba mwaka 1885 mjumbe wa Kijerumani, Karl Jühlke, alikuwa amekwisha kutia saini karatasi na Mangi Mandara wa Moshi, na Wajerumani hawakuwa tayari kuiachia karatasi hiyo.

Wamaasai hawakuulizwa na upande wowote. Ukoo mmoja ukajikuta una watu wa Mwingereza na watu wa Mjerumani, na ng'ombe wa zizi moja wakawa wanakunywa maji ya serikali mbili. Upande wa Kenya Waingereza walizidi kuwabana kwa mapatano ya 1904 na 1911, wakawaondoa katika malisho ya kaskazini yaliyotakiwa na walowezi na kuwasogeza kusini, kuelekea mstari huu huu. Ndiyo maana hata leo ukifika Namanga, chini ya ule mlima wanaouita Oldonyo Orok, yaani mlima mweusi, huwezi kujua kwa kumtazama mtu kama ni wa huku au wa kule.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka, mstari ule ukawa uwanja wa mapigano. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walitoka upande wa Namanga wakaushambulia mlima Longido, siku zile zile wenzao walipokuwa wakishambulia Tanga. Tanga waliangukia pua. Longido nako hawakufaulu, maana walipigana siku nzima juu ya mlima bila maji ya kutosha, na kulipokucha walikuwa wamerudi walikotoka. Ilikuwa Machi 1916 ndipo majeshi yao yalipopita Longido kwa nguvu, na Arusha ikatekwa mwezi huo huo. Anayekwenda kugonga muhuri leo hupita chini ya mlima huo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa akisikiliza muziki. Simlaumu, kwani hakuna kibao cha kumwambia.

Baada ya vita pande zote mbili zikawa chini ya Mwingereza, na kwa miaka zaidi ya 40 mstari ulikuwapo bila makali. Fedha zilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Reli, posta na forodha zikaja kuwa chini ya chombo kimoja, kwanza Kamisheni Kuu ya mwaka 1948, halafu shirika lililoirithi mwaka 1961. Wazee wa Arusha watakwambia kwamba kwenda Nairobi kununua viatu vya harusi kulikuwa jambo la kawaida kuliko kwenda Dar es Salaam, na ukitazama umbali huwezi kuwabishia.

Uhuru ulipopatikana tungeweza kuufuta mstari. Hatukuufuta. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964 uliamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyorithi, na aliyelipeleka azimio hilo mezani alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Alikuwa na sababu zake, na nzito: kama kila kabila lingedai mstari wake, bara lingewaka moto. Lakini tangu siku hiyo hatuwezi tena kusema kwamba mstari wa Namanga ni wa Wazungu. Tumeupokea, tukautia saini.

Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutumia fedha yake. Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaundwa na makao makuu yake yakawekwa hapa Arusha, na majengo yale makubwa ambayo sasa ni kituo cha mikutano cha AICC yalijengwa kwa ajili yake. Na sasa tunamfikia mtalii.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mtalii wa Ulaya alitua Nairobi. Pale alipokewa na kampuni ya Nairobi, akapakiwa kwenye gari la Nairobi lenye dereva wa Nairobi, akapita Namanga. Akatembezwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti, akatokea upande wa pili kwenye Maasai Mara, akarudi Nairobi kupanda ndege. Fedha za safari alikuwa amekwisha kuzilipa huko huko. Tanzania ilibaki na kiingilio cha lango na usiku mmoja au miwili ya hoteli, pamoja na vumbi. Serikali yetu ilikuwa imejenga kiwanja cha ndege cha KIA, kilichofunguliwa mwaka 1971, na mahoteli mazuri ya Lobo, Seronera, Ngorongoro na Manyara, kwa matumaini kwamba mtalii atatua huku moja kwa moja. Hakutua. Nairobi ilikuwa na njia za ndege, ofisi na mazoea.

Nadhani uchungu huo haupewi uzito unaostahili tunapoelezwa sababu za kufa kwa Jumuiya. Tunaambiwa habari za Idi Amin, za siasa ya ujamaa na ya ubepari, za michango isiyolipwa. Yote ni kweli. Lakini palikuwa pia na hilo gari la mtalii lililopita kila siku mbele ya macho ya watu wa Arusha likiwa na namba za Kenya.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanguka, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka. Kesho yake TANU na ASP zikaungana kuwa CCM, kwa hiyo nchi ilikuwa na sherehe na mshtuko kwa pamoja. Magari ya watalii na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokutwa upande wetu zilizuiliwa. Watalii waliokwenda kupiga picha za nyumbu wakajikuta hawana gari la kuwarudisha Nairobi. Nia ilikuwa wazi: anayetaka kuiona Serengeti aje kupitia kwetu.

Baba yangu mkubwa alikuwa utingo wa lori lililopeleka maharage Nairobi, na Ijumaa ile alikuwa huko. Alirejea Arusha baada ya majuma mawili, miguu imevimba, kwa njia ambayo mpaka anaingia kaburini hakupenda kuieleza. Lori halikurudi. Nilipokuwa mdogo alikuwa akisema kwamba yeye hakuwa na ugomvi na mtu, ugomvi ulikuwa wa watu wa kamera, ila waliotembea kwa miguu ni watu wa maharage.

Mpaka ulifungwa kwa zaidi ya miaka 6. Upande wetu Wakenya waliitwa manyang'au katika hotuba na magazeti, na upande wao tulijibiwa vivyo hivyo kwa kejeli. Mahoteli ya mbugani yakawa na vitanda vingi kuliko wageni. Mtalii hakuhama Nairobi kama ilivyotazamiwa. Alibaki Mara na Amboseli, akaiona Kilimanjaro kwa mbali, akarudi kwao akidhani iko Kenya. Namanga nayo ikawa mji wa njia za panya. Sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia yalivuka usiku migongoni mwa watu na punda, na ng'ombe wakavuka kwenda upande wa pili. Mmaasai aliyeoa ng'ambo alihesabiwa kuwa mhalifu kwa kwenda kumsalimia mama mkwe. Mwaka 1983 Edward Sokoine, Waziri Mkuu na mtoto wa Monduli, alipoanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, watu wa barabara hii ya Namanga walikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengi.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Nyerere, Moi na Obote walikutana hapa Arusha na mpaka ukafunguliwa. Aliyekuwa ameshughulika kwa miaka kadhaa kugawa mali na madeni ya Jumuiya ni Mswisi mmoja, Dakta Victor Umbricht, na mapatano ya mwisho yalitiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 14 Mei 1984. Sokoine hakuyaona, alikuwa amefariki kwa ajali ya gari mwezi mmoja kabla.

Lakini gari la mtalii halikusamehewa. Mwaka 1985 nchi mbili ziliafikiana kwamba magari ya watalii ya nchi moja yasiingie kutembeza wageni katika mbuga za nchi nyingine. Mtalii aje na gari la kwao mpaka mpakani, ashuke, abebe mabegi yake na kupanda gari la upande wa pili. Namanga ikawa mahali pa kuhamisha mizigo, na akina mama wa Kimaasai wenye shanga na vikuku wakajua dakika ya kumkuta mgeni akiwa na mikono mitupu. Ile njia ya kutoka Serengeti kwenda Mara kwa upande wa Bologonja haijafunguliwa tena kwa watalii tangu 1977. Na mapatano hayo ya 1985 yaliwahi kufufuka na kuzua balaa: Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya Tanzania kuchukua watalii uwanja wa ndege wa Nairobi. Machi 2015 Tanzania nayo ikapunguza safari za ndege za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Ikabidi marais Kikwete na Kenyatta wakae pamoja Windhoek, walikokwenda kwa sherehe za watu wengine, wamalize jambo la nani ampakie mtalii.

Sasa, huyu mgeni wetu wa kugonga muhuri alitokea wapi? Mtalii wa zamani hakuhitaji kugonga, maana alikaa siku kumi akaenda zake. Mgeni wa kukaa aliongezeka miaka ya 1990. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ikaletwa Arusha, katika majengo yale yale ya Jumuiya iliyokufa, ikabaki humo hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Watumishi wake walikuwa na hadhi zao za kibalozi, lakini nyuma yao walikuja wanafunzi, waandishi, ndugu na marafiki. Yakaja mashirika ya misaada, vituo vya watoto yatima, shule za chekechea zenye wafadhili Ulaya. Wakaja vijana wa kujitolea. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 iliwawekea watu wa namna hii mlango wao. Hati ya ukaazi daraja la A ni ya mwekezaji na mfanyabiashara, daraja la B ni ya mwajiriwa, na daraja la C ni ya wengine, wakiwamo wamisionari, wanafunzi na watu wa kujitolea. Mlango upo. Ila hati ina ada, ina barua, ina vyeti na ina kusubiri, ilhali Namanga ni mwendo wa saa moja na nusu.

Mwaka 2019 nilimsindikiza mmoja wao. Alikuwa binti wa Kijerumani, mpangaji wa jirani yangu hapa Daraja Mbili, aliyefundisha chekechea ya watoto 30 na zaidi mtaani kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi na kukemea watoto, yaani kilitosha. Aliniomba nimpeleke kwa gari langu kwa sababu nilikuwa na shughuli Longido siku hiyo. Njiani nilimweleza habari za mwaka 1886. Alicheka, akasema hajui hata babu wa babu yake alikuwa wapi mwaka huo, lakini kama angejua mstari ule utamsumbua mjukuu namna hii angewaambia wauchore karibu na Arusha.

Namanga ya sasa si ile ya mabegi. Tarehe 1 Desemba 2018 marais Magufuli na Kenyatta walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja, na utaratibu wake ukiuona mara ya kwanza unaweza kukuchanganya. Unapotoka Tanzania husimami kwenye jengo la Tanzania. Unalipita, unavuka, unakwenda jengo la Kenya, na humo ndani ndimo afisa wa Tanzania anapokugongea muhuri wa kutoka, kisha unasogea dirisha la pili kwa Mkenya akugongee wa kuingia. Kurudi ni hivyo hivyo, kinyume chake. Zamani palikuwa na kipande cha barabara kati ya mageti mawili ambapo mtu alikuwa hayupo popote, na wabadilishaji fedha ndio waliokuwa wafalme wa kipande hicho. Gari langu niliacha upande wetu, maana kulivusha gari kunadai kibali cha forodha na bima ya nchi ya pili, na sikuwa na haja hiyo kwa safari ya kuvuka na kugeuka.

Aliporudi dirisha la Tanzania, afisa alifungua pasipoti akaipekua taratibu, ukurasa mmoja mmoja. Hakuwa mkali.

"Dada, hii ni mara ya nne. Bado hujamaliza kutalii?"

"Bado kidogo, kaka," alijibu.

"Unatalii wapi?"

Binti alinyamaza, kisha akasema kweli: "Nafundisha watoto."

Nilidhani yamekwisha. Afisa alimtazama, akanitazama na mimi, akauliza ninamhusu nini, nikamweleza. Akasema kwamba sheria haimpi mtu haki ya kuingia tena kwa kuwa tu ametoka, na kwamba kwa jibu lile angeweza kumrudisha alikotoka. Akampa siku chache tu, si 90, akamwambia aende ofisi ya Uhamiaji Arusha na watu waliomleta wamwombee hati. Tulirudi kimya hadi Oldonyo Sambu.

Waliomleta walikuwa chama kidogo cha huko kwao, na sitakitaja. Walikuwa wakimtoza fedha za kujitolea kila mwezi, na katika fedha hizo hapakuwa na ya hati. Barua zilikwenda na kurudi. Siku alizopewa zikaisha, akaondoka kwa ndege kupitia KIA katikati ya muhula. Asubuhi ya Jumatatu watoto walikuja na vikombe vyao vya uji wakaketi, wakamngoja.

Mimi sioni kama afisa yule alikosea. Wapo wastaafu wanaopenda hewa ya Meru, wanakula fedha zao, hawagusi kazi ya mtu. Hao wakienda Namanga kila miezi mitatu sijui nani anaumia. Lakini anayefundisha darasa anafanya kazi, hata kama halipwi, na watoto wa Daraja Mbili si kivutio cha utalii. Mzazi ana haki ya kujua kwamba mwalimu wa mtoto wake anafahamika na serikali kwa jina na kwa kazi yake. Wala tusidhani hili ni jambo la Wazungu peke yao. Walimu kutoka Kenya na Uganda wamejaa katika shule zetu za Kiingereza kwa miaka mingi, na wengi wao wameisafiri barabara ya Namanga kwa sababu ile ile. Raia wa Jumuiya hii mpya, iliyoanzishwa kwa mkataba wa Arusha wa Novemba 1999, anaweza kupewa hadi miezi sita ya kutembea bila kulipia viza, na hilo ni jema sana. Lakini miezi sita ni ya kutembea. Kushika chaki kunahitaji kibali.

Aliyenikasirisha mimi ni yule anayekaa mbali na kupokea fedha, akijua kwamba Namanga ipo. Ameifanya Namanga kuwa sehemu ya hesabu zake, na anayelipa mpaka ukibadilika ni mwingine.

Na mpaka hubadilika. Tarehe 16 Mei 2020, wakati wa korona, Rais Kenyatta alitangaza kuufunga mpaka wa Tanzania kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo. Madereva wakalala Namanga siku nyingi wakingoja majibu ya vipimo, na walioizoea safari ya kugonga muhuri wakajikuta hawana pa kutokea. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha kudai viza, badala yake inadai kibali cha kusafiria kinachoombwa kwa mtandao kabla mtu hajaondoka nyumbani, kwa dola 30. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhusiki, lakini Mjerumani anahusika. Kwa hiyo anayetaka kutoka Tanzania kwa saa mbili ni lazima kwanza aombe ruhusa Nairobi, aeleze anakwenda kufanya nini huko na atalala wapi. Nimeambiwa na dereva mmoja wa Noah za Namanga kwamba wateja wake wa muhuri wamepungua, na kwamba waliobaki hukaa kimya zaidi garini kuliko zamani.

Chekechea ile ya mtaani kwetu ilifungwa majuma matatu. Halafu wazazi wakakutana uani kwa mwenye nyumba, wakachanga, wakamwajiri binti wa hapa hapa Daraja Mbili aliyemaliza kidato cha nne. Mshahara wake ni mdogo na mara nyingine huchelewa, kwa kuwa mchango wenyewe hutegemea biashara ya siku hiyo pale Kilombero. Nilipopita juma lililopita walikuwa wakihesabu kwa sauti, na walikuwa wamefika 60.